Sanamu za farasi mwitu kwa nyumba za Mombasa: inusie kwanza, ulipe baadaye

Malalamiko ya wasomaji wa Nyali na Kizingo yanafanana: sanamu ya farasi mwitu iliyonunuliwa kwa fedha nyingi imetokwa na majimaji, miguu imepinda, na kabati zima linanuka siki. Chanzo ni selulosi asetati, plastiki ambayo kampuni ya Breyer ya Marekani imeitumia kwa miongo mingi kuundia farasi wake wakubwa. Joto na unyevu huimeng'enya plastiki hiyo ikatoa asidi ya siki, na asidi hiyo inapofungiwa ndani ya kabati la vioo huzidisha uharibifu uliokwisha kuanza.

Hata hivyo, nafasi ya kwanza naipa Breyer ya kipimo cha 1:9, yaani moja ya tisa ya ukubwa wa farasi halisi, wala siufichi upendeleo wangu. Mtazame Cloud, aliyeundwa kwa mfano wa dume halisi la Milima ya Pryor, mpakani mwa majimbo ya Marekani ya Montana na Wyoming, ambako farasi mwitu walitengewa eneo lao mwaka 1968. Misuli ya shingo yake inaonyesha farasi asiyewahi kutiwa lijamu. Iwapo unanunua iliyotumika, inusie chini ya tumbo, pitisha kidole uone kama inanata, na ujihadhari na zile za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nyumbani iweke kwenye rafu iliyo wazi, mbali na dirisha la jua, mahali panapofikiwa na upepo wa pangaboi.

Nafasi ya pili ni ya kauri, ambayo haijali unyevu, ingawa masikio na miguu yake huvunjika safarini. Rezini, utomvu wa plastiki unaomiminwa kwenye kalibu ukagandamana, naiweka ya tatu, kwa kuwa miguu myembamba inayobeba mwili mzito huweza kulegea kwa joto. Sanamu ndogo za kampuni za Schleich na CollectA ni za bei nafuu na zinawafaa watoto.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Muuzaji mmoja wa hapa mjini aliniletea sanamu iliyofukizwa udi ili harufu ya siki isisikike, akadai bei ya sanamu mpya, kisha akakataa nifungue mfuko wa plastiki ulioifunika kabla ya kulipa. Anayetoza bei ya kitu cha kukusanywa anapaswa kutaja mwaka kilipotengenezwa, aeleze kilihifadhiwa wapi, na amruhusu mnunuzi akishike na kukinusa.