Bloomfield au Mpanzu: viungo wawili waliong'ang'ania klabu moja

Matt Bloomfield alitoka Ipswich Town mwaka 2003, akaenda Wycombe Wanderers, klabu nyingine ya England, na kubaki huko hadi alipostaafu 2022. Mechi zaidi ya 500, nyingi zikiwa za daraja la tatu na la nne. Championship, yaani daraja la pili, Wycombe waliipata 2020, naye umri umeshamtupa mkono.

Pelly Ruddock Mpanzu, mzaliwa wa London mwenye asili ya Kongo, aliikuta Luton Town daraja la tano mwaka 2013. Miaka kumi baadaye, na jezi ileile, akawa yuko Ligi Kuu ya England! Hakuna aliyewahi kupanda ngazi zote hizo na timu moja kabla yake.

Kwa sifa, Mpanzu. Ila mimi, kwa uvumilivu, namchagua Bloomfield.