Risasi 5, 6 au 7? Uzoefu wangu na Smith & Wesson 686 Plus

Nilianza na rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka na risasi zake ndani) ya risasi 5, sasa nina ya 7 pia, kwa hiyo swali la silinda ibebe risasi ngapi nalijibu zote mbili zikiwa mezani. Ya kwanza ni Smith & Wesson 642, kale kadogo ka alumini ka risasi za .38 Special. Ya pili ndiyo ninayoieleza hapa: 686 Plus ya .357 Magnum, risasi ndefu na kali zaidi, chuma kisichoshika kutu, mtutu wa inchi 4. Niko Houston, Texas, ambako kununua bastola dukani ni kujaza fomu ya serikali namba 4473 na kungoja majibu ya ukaguzi wa rekodi yako. Wa Dar na Nairobi wanajua kwao ni safari nyingine kabisa.

686 ya kawaida inabeba 6. Plus inabeba 7 na fremu ni ileile, silinda haijanenepa. Vyumba, yaani matundu ya silinda yanayoshika risasi, ndivyo vilivyobanana. Ukipewa zote mbili umefumba macho, hutajua ipi ni ipi. Risasi ya saba umeipata bila kuongeza upana wowote, na kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuimaliza hoja ya 6 dhidi ya 7 kwenye bunduki ya ukubwa huu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Itazame silinda kwa nje utaona vishimo vidogo vimeizunguka. Kila ukivuta kifyatulio, kipande cha chuma huchomoza kutoka chini ya fremu na kuingia kwenye kishimo kimojawapo, silinda ikasimama imara chumba kikiwa sawasawa na mtutu. Sasa, chumba kinachofyatua kiko juu. Silinda ikiwa na vyumba 6, chini yake moja kwa moja kuna chumba kingine, kwa hiyo kishimo hukatwa palepale ambapo ukuta wa chumba ni mwembamba kuliko kwingine (baadhi ya watengenezaji hukisogeza pembeni kidogo kukwepa hilo). Vyumba vikiwa 7 au 5, upande wa chini huangukia katikati ya vyumba viwili, kwenye chuma kinene. Witiri ina faida yake. Kwa risasi kali kama .357 napenda kujua kwamba chuma kiko pale kinapohitajika.

Hiyo 6 imepata heshima kwa mazoea tu. Colt Paterson ya 1836 ilikuwa na 5. Rivolva ya kwanza ya Smith & Wesson, mwaka 1857, ilibeba 7 ndogo za .22. Nagant ya Warusi ya 1895 nayo 7. Kilichoisimika 6 vichwani mwa watu ni Colt ya 1873, ile ya wachunga ng'ombe, na hata hiyo wenye akili waliijaza 5, chumba kimoja wakakiacha kitupu chini ya nyundo, maana ncha ya nyundo ilikaa juu ya kitako cha risasi na bastola ikidondoka ingeweza kulia yenyewe. 686 ina kizuizi ndani, unajaza vyumba vyote bila wasiwasi.

Je, risasi mbili za ziada zina maana yoyote? Wanaosema hazina huongezea kwamba utajaza tena. Mimi nakumbuka Miami, Aprili 1986, maajenti wa FBI walipopambana na majambazi wawili wa benki. Ajenti mmoja alimaliza risasi zote 6 za rivolva yake, akawa ameshajeruhiwa mkono, akashindwa kujaza tena. Maajenti wawili waliuawa siku ile. Silinda uliyoanza nayo ndiyo ya kuhesabu. Nyingine ni majaliwa.

Kwenye uwanja wa shabaha bunduki hii ni raha, nayo hukubali risasi za .38 pia. Ina uzito wa kilo 1.1 hivi ikiwa tupu, kwa hiyo .38 zikipigwa humo teke halisikiki, na .357 inavumilika, ingawa kwenye uwanja wa ndani kelele yake humfanya jirani akuangalie vibaya. Boksi la risasi 50 halikubali 7: unajaza mara saba na moja inabaki imekukodolea macho. Kile kifaa cha kutumbukiza risasi zote kwa mkupuo lazima kiwe cha vyumba 7. Cha 6 hakiingii, kwa hiyo usikubali kuuziwa “kinafanana”.

Kuibeba kiunoni ni habari nyingine. Silinda ina upana wa sentimita 4, ya 642 ni 3.3. Kwenye karatasi si kitu. Kwa joto la Houston la Agosti, chini ya fulana, unaiona tofauti kabla hujafika kwenye gari. Ndiyo maana natoka na ile ya 5, na 686 inalala kwenye sefu chumbani, maana kuna watoto. Ya 8 niliikodi, 627 yenye fremu kubwa: nzuri kupiga, ila mkono wangu mdogo haukuizunguka vizuri.

Ukiinunua, chunga usafi wa vyumba. Ganda la .38 ni fupi kuliko la .357 kwa milimita 3 hivi, kwa hiyo huacha pete ya masizi mbele yake, na ukizidi kupiga .38 peke yake, siku ya kuingiza .357 zitakwama nusu njia. Mimi huloweka mafuta ya kusafishia, nangoja kidogo, halafu brashi ya shaba chumba kwa chumba. Vikiwa 7 bega linauma.