Kozi ya Jioni Kuhusu Agano la Kale na Agano Jipya: Tathmini Yangu

Nimemaliza hivi karibuni kozi ya wiki 8 inayofundishwa kila Jumanne jioni katika ukumbi wa kanisa moja upande wa Barabara ya Jogoo, hapa Nairobi. Ada yake ni shilingi 1,500, inalipwa kwa M-Pesa, na inajumuisha kijitabu cha mazoezi pamoja na chai. Nilijiandikisha kwa sababu ya swali lililonisumbua kwa miaka mingi: ikiwa Waebrania 8:13 inasema agano la kwanza limekuwa kuukuu, mbona wakati wa sadaka tunasomewa Malaki 3, panapotajwa laana kwa wasiotoa zaka, na wakati wa kuombea baraka tunasomewa Kumbukumbu la Torati 28, ilhali sheria za vyakula na mavazi zilizomo katika torati hiyo hiyo tunazipita kimya?

Mwalimu hakuanza na swali hilo, na sasa naona alifanya vyema. Alituanzisha katika Mwanzo 15, pale Abramu anapopasua wanyama vipande viwili, kisha usingizi mzito unamshika, na tanuru ya moshi na mwenge wa moto vinapita katikati ya vile vipande huku yeye mwenyewe hapiti. Akatueleza kwamba Kiebrania husema “kukata” agano, kisha akatutaka tulinganishe na Kutoka 24, ambako watu wenyewe wanaahidi kutii na kunyunyiziwa damu. Lile la kwanza linasimama juu ya kiapo cha Mungu peke yake. Hili la pili, lililofanywa katika mlima Sinai, linawadai watu pia. Ndiyo maana Paulo, katika Wagalatia 3:17, anasisitiza kwamba torati iliyokuja miaka 430 baadaye haiwezi kuitangua ahadi. Hapo nikaelewa kosa langu: neno letu moja, agano, linataja mapatano yenyewe na pia vile vitabu 39, nami nilikuwa nikisoma “kuukuu” kana kwamba ni hukumu juu ya vitabu, wakati mwandishi wa Waebrania anazungumzia agano la Sinai pamoja na ukuhani na dhabihu zake.

Jumanne ya nne peke yake inatosha kuhalalisha ada yote. Tulisoma Yeremia 31:31-34 mstari kwa mstari, bila haraka, tukagundua kwamba agano jipya linaahidiwa ndani ya maandiko ya kale yenyewe, tena kwa nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda, na kwamba Mungu bado anasema “sheria yangu”. Kinachobadilika ni mahali inapoandikwa, yaani moyoni, na dhambi zinasamehewa zisikumbukwe tena. Kutoka hapo tukaenda kwenye kikombe cha Luka 22:20, na damu ya Kutoka 24:8 ikawa na maana ambayo sikuwahi kuiona nikishiriki Meza ya Bwana.

Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu akauliza, “Mwalimu, basi ile laana ya Malaki inanihusu au hainihusu?” Mwalimu hakukwepa. Alimjibu, “Mama, fungua Wagalatia 3:13,” akamwacha asome mwenyewe kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Kisha akaeleza kuwa Malaki alisema na watu waliokuwa na hekalu, ghala, na Walawi wasio na urithi wa ardhi. Wajibu wa kuwatunza wanaohudumu ungalipo, lakini 2 Wakorintho 9:7 inataka mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa hofu. Ukumbi ulinyamaza kwa muda, na nadhani wengi tulikuwa tunakumbuka ibada zetu.

Udhaifu upo, na si mdogo. Baraza la Yerusalemu katika Matendo 15, lililojadili kama waamini wasio Wayahudi washike torati, lilipewa nusu saa tu, na swali la Sabato likaachwa likining'inia, ingawa katika jiji hili wengi wetu tuna majirani wanaoabudu Jumamosi na wasiokula nguruwe kwa kufuata torati, nao wanastahili jibu lililofikiriwa. Warumi 11 haikufunguliwa kabisa. Hilo limenihuzunisha, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuondoka akiamini kwamba Mungu aliitupa Israeli, wakati Paulo anayaonya matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa, yaani waamini wasio Wayahudi, yasijisifu juu ya matawi yaliyokatwa, kwa kuwa shina ndilo linaloyabeba. Kijitabu nacho kinanukuu tafsiri ya Biblia Habari Njema huku darasani ikisomwa tafsiri nyingine, Union Version, kwa hiyo muda mwingi unapotea watu wakitafuta maneno yasiyofanana. Vipaza sauti havifiki viti vya nyuma.

Pamoja na hayo, namshauri ajiunge kila anayefundisha shule ya Jumapili au kuongoza ushirika wa nyumbani. Fika mapema upate kiti cha mbele, beba Union Version yako, na usome Waebrania 8 hadi 10 kabla ya Jumanne ya nne. Darasa hufungwa saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo anayekaa mbali apange mapema usafiri wa kurudi nyumbani.