Santuri ya The Knack niliyoikuta kwa fundi redio, Tabora

Redio ndiyo iliyonipeleka kwa fundi yule, pale jirani na stesheni; spika ya kushoto ilikuwa inakoroma. Wakati anaunga waya, nikainama kwenye boksi lake la santuri. Mlikuwa na Tabora Jazz mbili, za kwaya tatu, ya Franco isiyo na jalada, halafu vijana wanne wa Kizungu kwenye picha nyeusi na nyeupe. Get the Knack, ya 1979. Nikaganda.

Mwaka 1981 nikiwa darasa la nne, kaka yangu alishuka kwenye treni ya Dar na kaseti ya nyimbo mchanganyiko. Upande B kulikuwa na My Sharona, wimbo wa hao hao The Knack. Hatukujua bendi wala maneno. Tuliimba “mai sharona” tukidhani ni jina la mji. Baadaye nilipiga gitaa la ridhimu miaka kumi na mbili kwenye bendi ya maharusi hapa hapa Tabora, na mkono wangu wa kulia, kusema kweli, ulifundwa na ile kaseti kuliko na mwalimu yeyote.

“Hiyo elfu thelathini, mzee.”

“Fundi, ina mkwaruzo huu hapa unaonekana hata bila miwani.”

“Basi lete ishirini. Tuiweke kwanza uisikie.”

Hapo ndipo alipoanza kunipendeza. Hakuipachika tu kwenye mashine. Aliiosha kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, akazungusha kitambaa laini kufuata mistari, akikwepa karatasi ya katikati isilowe. Karatasi yenyewe nzuri: nyeusi, imezungukwa na duara la rangi za upinde wa mvua, mtindo ambao kampuni ya kurekodi ya Capitol waliutumia enzi za Beatles. Haikuwa bahati mbaya. Jalada nalo limeiga lile la albamu ya Beatles, Meet the Beatles, na watu wengi huko Marekani walikasirika wakaona ni majivuno. Msanii mmoja wa San Francisco aliyeitwa Hugh Brown alianzisha hadi kampeni ya kuwapiga vita.

Kwa asiyewajua: The Knack walianza Los Angeles 1978. Doug Fieger aliimba na kupiga ridhimu, Berton Averre solo, Prescott Niles besi, Bruce Gary dramu. Walirekodi albamu hii kwa kama wiki 2 na dola 18,000 hivi, chini ya mtayarishaji Mike Chapman. My Sharona ukakaa namba moja Marekani wiki 6, wakati disko ndiyo imeshika kila ukumbi. Aina hii ya muziki huko inaitwa pawa popu, jina alilolitoa Pete Townshend wa bendi ya The Who mwaka 1967: nyimbo fupi, sauti za kuitikiana kama za Beatles, lakini magitaa yanapigwa kwa nguvu kama mtu anayepasua kuni. Bendi za Badfinger, Raspberries na Big Star walikuwa wameshaipiga kabla, Big Star wakiwa hawauzi kitu. The Knack walipouza, kampuni za kurekodi zikaanza kuwafukuzia vijana wa magitaa na tai nyembamba. Na wenyewe? Albamu ya pili 1980, ya tatu 1981, wakasambaratika. Walirudiana baadaye, lakini moto ule haukuwaka tena.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nitoe elfu ishirini nikiwa sijanunua unga.

Fundi alianzia upande wa pili, maana My Sharona ndiyo inaufungua. Dramu ya Gary ikaingia peke yake, besi na gitaa zikafuata kwa mapigo yale yale, na mimi nikawa nachezesha vidole gotini. Tukafika mahali ambapo kaseti ya kaka yangu ilikuwa inamaliza solo na kurudi kwenye kuimba. Nikafungua mdomo niitikie. Haikurudi! Averre akaendelea. Akapanda, akarudia kipande kimoja kama anayekihoji, akapanda tena. Kumbe kaseti ilitoka kwenye santuri ndogo, ambayo solo yake ilipunguzwa ili wimbo usizidi dakika 4. Kwenye albamu unakaribia 5. Yaani miaka zaidi ya 40 nimekuwa nikila wali bila mchuzi. Sisi tuliokulia kwenye sebene tunajua kwamba wimbo unaanza pale kuimba kunapokwisha. Averre hakuzaliwa Kinshasa, lakini jambo hilo alilijua.

Halafu umeme ukakatika. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anachaji simu akasema, “Afadhali, mzee alikuwa anataka kulia.” Sikumjibu.

Niseme na mabaya. Nyimbo ziko 12, na nazitaka kama 6. Your Number or Your Name ni tamu, sauti zinakaa vizuri, na Maybe Tonight inakupumzisha. Ila maneno ya Fieger kuhusu wasichana yanachosha, na Good Girls Don't nimewakataza wanangu kuimba jikoni, kwa sababu wao Kiingereza wanakielewa. Hata Sharona mwenyewe ni mtu kweli, binti aliyekuwa na miaka 17 Fieger alipompenda yeye akiwa mtu mzima. Nikijua hilo, naupenda wimbo kwa jicho moja. Na ule mkwaruzo uko upande wa kwanza, unarukisha sindano katikati ya Oh Tara. Hapo sikupoteza kitu.

Huduma ya fundi: anakuruhusu usikilize kabla ya kulipa, na kwa elfu mbili anakuhamishia santuri nzima kwenye flashi. Yangu aliihamisha umeme uliporudi, sauti safi, ila mafaili yote kayaandika “WIMBO 1”, “WIMBO 2”. Nendeni asubuhi, jioni pana makelele. Spika yangu ya kushoto bado inakoroma kidogo. Amesema nirudi Jumatatu.