SACD, DVD-Audio, DTS na Blu-ray: sauti ya mzunguko ikipimwa kwa sikio

Muziki uliochanganywa kwa ajili ya spika tano na sabufa umetolewa katika diski za aina nne ambazo kwa macho ni vigumu kuzitofautisha, kwa kuwa zote zina kipenyo cha sentimita 12 na zote husomwa kwa leza: CD ya DTS, DVD-Audio, SACD na Blu-ray ya muziki. Wanunuzi huuliza ipi kati yake ina sauti bora, nao hujibiwa kwa takwimu za biti (usahihi wa kila kipimo cha sauti) na kilohezi (maelfu ya vipimo kwa sekunde) zilizochapwa kwenye jalada. Takwimu hizo zina maana, na nitazitaja, lakini nimezisikiliza fomati zote nne kwa muda wa kutosha kusadiki kwamba, kati ya tatu za mwisho, tofauti kubwa inayofika sikioni hutokana na mkono wa mhandisi aliyechanganya sauti na jinsi msikilizaji alivyozipanga spika zake. Fomati inayojitenga na wenzake kwa udhaifu wake ni moja tu.

Hiyo ni CD ya DTS, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1990. Diski yenyewe ni CD ya kawaida, ambayo hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ndani ya nafasi hiyo, iliyokusudiwa chaneli mbili, DTS, mfumo wa kubana sauti, iliingiza chaneli sita kwa kiwango cha kilobiti 1,235 kwa sekunde, na ili zitoshe ililazimu sehemu ya sauti itupwe. Katika uimbaji unaosindikizwa na gitaa au bendi ndogo, hasara hiyo haisikiki kirahisi, na ninaziheshimu diski hizi kwa sababu zilituonjesha sauti ya mzunguko kabla wenzake watatu hawajazaliwa. Udhaifu hujitokeza pale sauti nyembamba zinapokuwa nyingi kwa wakati mmoja: matoazi yakipigwa mfululizo huku hadhira ikishangilia, makofi yanayotoka nyuma hupoteza ncha zake na kuungana kuwa mvumo mmoja, na mwangwi wa ukumbi hukatika mapema. Tahadhari moja ni ya lazima: ikipigwa katika mfumo usioweza kuifasiri DTS, diski hii hutoa kelele kali tupu, nayo kelele hiyo ikiwa juu inaweza kuziumiza spika.

DVD-Audio, iliyokuja mwaka 2000, ilitibu hasara hiyo kabisa. Chaneli sita za biti 24 na kilohezi 96 zinahitaji megabiti 13.8 kwa sekunde, ilhali fomati hii hairuhusu zaidi ya megabiti 9.6; pengo hilo lilizibwa na mbinu ya kampuni ya Meridian iitwayo MLP, ambayo huibana sauti bila kutupa hata biti moja, hivyo kinachofunguliwa wakati wa kusikiliza ni kile kile kilichofungwa studioni. Diski nyingi za aina hii zina pia sehemu ya DVD-Video yenye mchanganyiko ule ule katika Dolby Digital, njia ya ubanaji inayotupa sehemu ya sauti, ambayo katika DVD haizidi kilobiti 448 kwa sekunde. Hapo msikilizaji hupata jaribio safi kuliko yote, kwani wimbo ni mmoja, diski ni moja, na kinachobadilika ni ubanaji peke yake. Asawazishe kwanza ukubwa wa sauti, maana sehemu ya Dolby Digital mara nyingi hutoka chini kidogo, na sikio huipendelea sauti iliyo kubwa hata isipokuwa bora. Baada ya hapo tofauti huwa wazi: katika MLP kila spika husimama na chombo chake, na katika Dolby Digital vyombo vya nyuma husikika kama vilivyofunikwa kitambaa. Mashine ya kawaida ya DVD husoma sehemu hiyo dhaifu tu, kwa hiyo mwenye mashine hiyo anaweza kuihukumu DVD-Audio kabla hajaisikia. Kinachoudhi katika fomati hii ni menyu zake, kwa kuwa diski nyingi hudai runinga iwashwe ili kuchagua wimbo au aina ya sauti, na muziki haustahili kusubiri skrini.

SACD ya Sony na Philips, iliyotangulia kwa mwaka mmoja, haina usumbufu huo. Diski huingizwa, kitufe hubonyezwa, muziki huanza; na ikiwa ni ya tabaka mbili, moja ya SACD na moja ya CD, itapiga pia katika mashine yoyote ya CD. Njia yake ya kuhifadhi sauti, DSD, hutumia biti moja moja, mara 2,822,400 kwa sekunde, na kelele nyingi zinazotokana na njia hiyo husukumwa juu ya upeo wa sikio la binadamu. Wapenzi wake huisifu kwa ulaini, hasa wa fidla na sauti za waimbaji, nami huusikia ulaini huo katika rekodi nyingi za okestra. Siwezi, hata hivyo, kuuhesabia DSD, kwa sababu risiva nyingi, yaani vifaa vinavyopokea sauti ya mashine na kuendesha spika, huigeuza DSD kuwa PCM, njia ya kidijiti inayotumiwa na CD, kabla ya kupanga besi na umbali wa spika, na anayeisikiliza kwa njia hiyo anasikiliza PCM bila kujua.

E. Brad Meyer na David R. Moran walichapisha mwaka 2007, katika jarida la Audio Engineering Society, matokeo ya majaribio ambamo sauti ya chaneli mbili kutoka SACD na DVD-Audio ilipitishwa katika kifaa kilichoishusha hadi kiwango cha CD, pasipo wasikilizaji kuambiwa ni lini. Kati ya majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, sawa na kubahatisha. Wanaoyanukuu matokeo hayo husahau jambo la pili waliloandika watafiti hao, ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi: kwamba diski hizo za hadhi ya juu zilisikika vizuri kuliko CD nyingi, kwa kuwa zilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Albamu ya The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd inalithibitisha hilo kwa sauti ya mzunguko. Mchanganyiko wa James Guthrie ulitolewa katika SACD mwaka 2003, kisha katika Blu-ray mwaka 2011 kwa biti 24 na kilohezi 96. Nikisawazisha ukubwa wa sauti, diski hizo mbili hunishinda kuzitofautisha kwa uhakika. Toleo hilo la mwaka 2011 lina pia mchanganyiko wa spika nne ambao Alan Parsons aliuandaa katika miaka ya 1970, na kati ya huo na wa Guthrie sekunde chache zinatosha: mahali pa vyombo, uzito wa besi na upana wa sauti vyote hubadilika.

Mpangilio wa spika nao huamua mengi kuliko jalada linavyokiri. Pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ni spika za mbele za kushoto na kulia ziwe nyuzi 30 kutoka katikati, na za pembeni kati ya nyuzi 100 na 120, zote kwa umbali sawa na msikilizaji. Wengi huzisukuma za pembeni hadi ukutani nyuma, kisha hulalamika kwamba SACD fulani ina tundu ubavuni. Mashine za zamani zilizotuma sauti kwa waya sita za analogi hazikuwa daima na uwezo wa kurekebisha umbali au kuelekeza besi kwenye sabufa, na ninaamini hukumu nyingi za zamani dhidi ya SACD na DVD-Audio zilikuwa hukumu dhidi ya waya hizo.

Blu-ray ya muziki ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza leo. Ina nafasi ya gigabaiti 25 au 50, hubeba chaneli sita za biti 24 hata kwa kilohezi 192, na hupokea Dolby Atmos yenye spika za juu. Dolby TrueHD inayobeba Atmos hiyo imejengwa juu ya MLP, kwa hiyo kazi ya DVD-Audio inaendelea humo. Kampuni ya 2L ya Norwei huuza rekodi nyingi zikiwa na SACD na Blu-ray katika jalada moja, na kwa mtu anayetaka kulinganisha kwa haki sijui ununuzi bora kuliko huo. Aliye na mkusanyiko wa SACD hana sababu ya kuununua upya mchanganyiko ule ule.

Kabla ya kulinganisha, msikilizaji atazame kioo cha risiva wakati diski inapiga. Baadhi ya mashine husoma tabaka la CD la SACD au chaneli mbili zake mpaka mipangilio ibadilishwe, na Blu-ray kadhaa huanza kwa stereo mpaka chaneli sita zichaguliwe kwenye menyu.