Makabaila au askari wa mshahara: majeshi mawili ya Hungaria

Mfalme wa Hungaria aliyetaka vita alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuwaita makabaila waje na watu wao. Hazina ilipona, lakini Hati ya Dhahabu ya 1222, iliyoandika haki za makabaila, ilisema hawalazimiki kumfuata nje ya nchi ila kwa gharama yake. Mwaka 1397 Mfalme Sigismund akaongeza sharti: kila kaya 20 za wakulima zitoe mpiga mishale mmoja. Watu walipatikana, mazoezi hayakupatikana.

Ya pili ni ya Matthias Corvinus, aliyetawala 1458 hadi 1490: askari wa mshahara, wengi wao kutoka Bohemia (sehemu ya Ucheki ya leo), waliobaki kazini hata vita vikiisha. Ndio walioitwa baadaye Jeshi Jeusi. Mwaka 1485 waliuteka Vienna, mji wa Kaisari Frederick III mwenyewe! Kwangu, nani alipigana vizuri zaidi si swali. Swali ni bei, maana kodi ilikuwa nzito na aliyeibeba ni mkulima.

Matthias alipokufa, makabaila walimchagua Vladislaus II, mtu mpole kwao, na kodi ikapunguzwa. Askari wasiolipwa wakageukia uporaji. 1492 Pál Kinizsi, jemadari aliyewahi kuwaongoza, akawasambaratisha. Inaniuma kila nikisoma hapo. Miaka 34 baadaye, katika vita vya Mohács, Mfalme Louis II alimkabili Suleiman, sultani wa Waturuki, kwa vikosi vya makabaila na maaskofu, pamoja na mamluki waliokusanywa haraka. Jeshi la Szapolyai, kabaila mkubwa wa Hungaria, halikufika kabisa. Mfalme hakurudi.