Misaada ya serikali kwa wafugaji wa maziwa India: ipi inafika zizini, ipi inaishia benki

Mfugaji wa kawaida wa maziwa katika vijiji vya India ana ng'ombe wawili au nyati watatu wa kufugwa, wamefungwa ubavuni mwa nyumba, na mara nyingi hana shamba au ana kipande kidogo tu. Watu wa aina hiyo ndio walioifanya India iongoze duniani kwa maziwa: tani milioni 239.3 kwa mwaka 2023-24, karibu nusu yake ya nyati. Kwa hiyo mpango wowote wa serikali wa mifugo nchini humo unastahili kupimwa kwa swali moja: unamfaa mtu mwenye mifugo miwili? Kwa kipimo hicho, huduma zinazomfuata mnyama zizini ni nzuri, nyingine nzuri sana. Zinazopitia benki huwafaidi zaidi waliokuwa nacho tangu mwanzo.

Hereni ndiyo mlango wa yote. Ni ya plastiki ya manjano, ina namba ya tarakimu 12 inayojulikana kama Pashu Aadhaar, na namba hiyo huingizwa kwenye mfumo wa Bharat Pashudhan pamoja na jina la mwenye mnyama, umri, chanjo na rekodi ya uzazi. Bila hereni, bima hakuna na chanjo haiandikwi. Kasoro huanzia kwenye kutoboa. Anayefanya haraka hutoboa mshipa au hutoboa karibu mno na ukingo. Baadaye hereni inanasa kwenye kamba na sikio linachanika. Msimu wa mvua nzi hutaga kwenye kidonda na funza hufuata. Mwenye mnyama asimame pale pale na kudai mambo matatu: koleo lisafishwe kwa dawa kabla ya kila mnyama, tundu liwe katikati ya sikio kati ya mishipa mikubwa, na kidonda kipakwe dawa ya kufukuza nzi. Ukinunua ng'ombe mwenye hereni, hakikisha jina lako limeingia kwenye mfumo badala ya la aliyekuuzia. Wengi hukumbuka hilo siku mnyama amekufa.

Chanjo ndiyo huduma bora kuliko zote, na ni bure. Mpango wa kitaifa wa kudhibiti magonjwa ya mifugo ulizinduliwa Mathura Septemba 2019 kwa rupia bilioni 133.43, ukilenga magonjwa mawili: miguu na midomo, na brusela inayosababisha kutupa mimba. Ya kwanza huchanjwa kila baada ya miezi sita. Ya pili hupewa ndama jike pekee, wa miezi minne hadi minane, mara moja maishani. Hii ya brusela ina vimelea hai, kwa hiyo mchanjaji asiyevaa glavu na miwani anajihatarisha mwenyewe, na haifai kabisa kwa ng'ombe mwenye mimba. Chanjo zote mbili zinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kisanduku cha barafu kikifunguliwa kila dakika juani, kinachodungwa mchana kinaweza kuwa hakina nguvu tena. Angalia kama barafu bado ipo kabla hujamshika mnyama.

Wapo wanaowaficha ng'ombe siku ya chanjo kwa sababu maziwa hupungua. Ni kweli hupungua, siku moja mbili hivi, kisha hurudi. Hofu ya kutupa mimba nayo ipo, ila mimba huponzwa zaidi na kukamatwa kwa mabavu, mnyama kuangushwa na kukabwa, kuliko na sindano ya miguu na midomo. Kijiji kikificha sehemu ya mifugo yake, ugonjwa ukiingia hupata pa kujificha pia, na ng'ombe aliyeugua miguu na midomo mara nyingi haurudii tena wingi wa maziwa aliokuwa nao.

Uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mimba kwa mbegu zilizohifadhiwa, ndio wenye faida kubwa na makosa mengi. Mpango wa Rashtriya Gokul ulioanza 2014 unabeba kazi hiyo, na tangu 2019 wilaya ambazo uhimilishaji uko chini ya nusu hupelekewa huduma mlangoni bila malipo. Mbegu ni za kuaminika: za mbari za asili kama Gir, Sahiwal na Tharparkar, za nyati wa Murrah na Mehsana, na za kigeni kwa wanaofuga chotara. Tatizo liko kati ya mtungi na ng'ombe. Mbegu hukaa ndani ya mirija midogo kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi ukipungukiwa naitrojeni, au mrija ukiinuliwa juu ya shingo ya mtungi wakati mhimilishaji anatafuta mwingine, mbegu hufa bila dalili yoyote ya nje. Mrija uyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 30, ukaushwe, utumike mara moja. Anayeyeyusha mkononi, kwapani au mdomoni amekupotezea siku 21, mzunguko mzima wa uzazi.

Nusu nyingine ya kazi ni ya mwenye ng'ombe. Dalili ya uhakika ya joto, yaani kuwa tayari kupandwa, ni ng'ombe kutulia anapopandwa na mwenzake. Ute mwangavu unaoning'inia na kulia ovyo ni dalili za kusaidia tu. Aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho asubuhi. Nyati ni wagumu zaidi kwa sababu wengi huingia joto usiku na kimyakimya, hasa miezi ya jua kali, na nyati aliye peke yake zizini hana wa kumpanda. Wachunguze alfajiri na usiku, na wamwagie maji au wape dimbwi. Mimba ipimwe miezi miwili au mitatu baadaye. Asiyepimisha hugundua ng'ombe yuko tupu baada ya nusu mwaka wa malisho.

Mbegu zilizochujwa ili kuzaa majike zinastahili sifa zake. Takriban ndama tisa kati ya kumi huwa jike, na serikali hulipa sehemu ya bei. India jambo hili lina uzito wa pekee: majimbo mengi yanakataza kuchinja ng'ombe, trekta limechukua kazi ya maksai, na ndama dume wasiotakiwa huishia kuachiwa barabarani na kwenye mashamba ya ngano ya majirani. Lakini mrija huo una mbegu chache mno kuliko wa kawaida, kwa hiyo hausamehe makosa. Utumie kwa mtamba mwenye afya au ng'ombe wa uzao wa kwanza au wa pili, joto likiwa limeonekana kwa macho. Kumwekea ng'ombe mzee ambaye ameshindwa kushika mara tatu ni kutupa ruzuku.

Namba ya simu 1962 huita gari la tiba lenye daktari wa mifugo, msaidizi na dereva. Limepangwa gari moja kwa takriban mifugo laki moja, na hapo ndipo udhaifu ulipo. Kwa ng'ombe mwenye homa ya maziwa baada ya kuzaa, aliyelala shingo imepinda ubavuni na masikio baridi, saa chache ndizo zinazoamua. Piga simu, ila usikae ukisubiri gari: mkalishe kifuani asilale ubavu, umzibe pande zote kwa magunia ya nyasi, na usimnyweshe kitu kwa chupa, kwa kuwa koo lake halimezi vizuri na maji huingia mapafuni. Kwa minyoo, vidonda na kiwele kilichovimba, gari hilo linatosha.

Bima ilikuwa ghali. Tangu Februari 2024 imekuwa nafuu kweli. Mfugaji analipa asilimia 15 tu ya ada, iliyobaki inagawanywa kati ya serikali kuu na jimbo. Kikomo ni mifugo mikubwa 10 kwa kaya, na mbuzi au kondoo 10 huhesabiwa kama ng'ombe mmoja. Madai hukataliwa kwa sababu zilezile kila mahali: hereni haipo sikioni, mzoga umezikwa kabla daktari hajauona, au kampuni imepewa taarifa siku zimeshapita. Mnyama akifa, piga picha ya mzoga mzima na ya hereni namba ikisomeka, ijulishe kampuni na daktari siku hiyohiyo, upate ripoti ya uchunguzi wa maiti, ndipo uzike. Hereni usiitoe; huenda pamoja na madai, ikiwa na kipande cha sikio pale kampuni inapotaka hivyo.

Sasa benki. Kisan Credit Card, kadi ya mkopo iliyokuwa ya wakulima wa mazao, ilifunguliwa kwa wafugaji na masharti yake yakatolewa 2019. Kwa karatasi ni mkopo mzuri: hadi rupia laki mbili kwa riba ya asilimia 7, na anayelipa kwa wakati hupunguziwa 3, zinabaki 4. Tangu Januari 2025 mikopo ya kilimo na mifugo hadi laki mbili haidai dhamana. Kiwango chako hutokana na makadirio ya gharama kwa kila mnyama yaliyopangwa na kamati ya wilaya, si na maombezi ya meneja. Mkopo ni wa malisho, dawa, umeme na vibarua; si wa kununua ng'ombe.

Kinachoharibika ni dirishani. Karani aliyezoea mikopo ya mazao anadai hati ya shamba, hata kwa mama asiye na shamba ambaye ndiye anayekamua kila siku. Kumiliki ardhi si sharti kwa mfugaji. Silaha bora hapo ni barua ya ushirika wa maziwa yenye idadi ya mifugo na lita alizopeleka, pamoja na taarifa ya akaunti inayoonyesha malipo ya maziwa yakiingia. Kosa la pili ni la kulipa. Watu husubiri siku ya mwisho, wanakopa kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya kuumiza ili wafunge deni, kisha wanalitoa upya kesho yake. Maziwa hulipa kila baada ya siku chache, tofauti na ngano. Acha sehemu ya kila malipo ipunguze deni mle mle kwenye akaunti.

Ruzuku ya mtaji ndiyo inayotangazwa sana na kueleweka vibaya kuliko yote. National Livestock Mission, mpango wa kitaifa wa mifugo uliofanyiwa marekebisho 2021, hulipa asilimia 50 ya mtaji kwa miradi ya mbuzi, kondoo, kuku wa vijijini, nguruwe na malisho. Ng'ombe wa maziwa hawamo. Ule mpango wa zamani uliolipa asilimia 25 ya gharama za kununua ng'ombe wachache wa maziwa umeshafungwa, na dalali anayekuuzia fomu yake anakuibia. Kwenye mbuzi, kiwango cha chini ni majike 100 na madume matano, ruzuku hadi rupia laki 10. Cha juu ni majike 500 na madume 25, hadi laki 50. Ombi hupitia tovuti, likachujwa na jimbo, likakubaliwa na benki, kisha likaidhinishwa Delhi. Fedha hutoka kwa mafungu mawili, la kwanza baada ya benki kuanza kutoa mkopo na banda kukaguliwa, la pili mradi ukikamilika.

Maana yake, ruzuku inakukuta umeshatumia. Asiye na mtaji wa kuanzia na ardhi yake au ya kukodi yenye hati hawezi hata kuingia, na ndiyo maana nasema si mpango wa mfugaji mdogo. Anayeweza kuingia naye huangukia pengine: ili ukaguzi upite, ananunua mbuzi 105 kwa wiki moja kutoka minada mitatu, wanachanganywa, na sotoka ya mbuzi inawapukutisha. Panda malisho kwanza, jenga banda lenye sakafu kavu, nunua kwa makundi kutoka kwa wafugaji wanaojulikana, chanja sotoka, tenga kila kundi jipya angalau wiki tatu.

Mfuko wa miundombinu ya mifugo wa 2020, unaopunguza riba kwa asilimia 3, ni wa viwanda vya maziwa, nyama na vyakula vya mifugo. Mwenye ng'ombe wawili aupite.

Nyongeza inayolipwa kwa lita ndiyo ninayoipenda zaidi upande wa fedha. Majimbo ya Karnataka na Rajasthan huongeza rupia 5 kwa kila lita inayopelekwa ushirika. Jimbo la Himachal Pradesh limeweka bei ya chini, rupia 45 kwa lita ya ng'ombe na 55 ya nyati mwaka 2024, zikapanda hadi 51 na 61 mwaka 2025. Hakuna mchanganuo wa mradi wala dalali; fedha hufuata maziwa. Pamoja na hayo, linda kipimo chako kituoni. Bei hutegemea mafuta na yabisi nyingine, na maziwa yasiyokorogwa kabla ya sampuli kuchotwa hutoa mafuta ya uongo, juu yakiwa mengi na chini machache. Dai stakabadhi yenye lita, mafuta na bei, asubuhi na jioni.

Pengo kubwa linabaki kwenye chakula, ambacho humeza zaidi ya nusu ya gharama ya kila lita. Nyati analishwa bua kavu la ngano na konzi ya mashudu, bila majani mabichi kwa miezi, halafu serikali inamletea mbegu bora zaidi ya uwezo wa tumbo lake. Ruzuku ya malisho ipo, lakini ni ya wenye mashine za kutengeneza saileji (malisho yaliyovundikwa) na matofali ya malisho. Vipandikizi vya nyasi za Napier, mbegu za berseem (aina ya klova ya malisho), chumvi ya madini ya kila mwezi na panga la kukatia bua vingemfaa mfugaji huyu kuliko ruzuku ya laki 10, na ndivyo vitu vya kwanza ambavyo ushirika wake unapaswa kuvidai kwa ofisi ya mifugo ya wilaya.